YAH: LAINI YENU INAYOMEZA FREMU ZETU

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mlituuzia laini wazi ya tabaka la pili (Layer 2, inayobeba fremu, yaani vifurushi vya data, bila kuzigusa) kati ya makao makuu ya SACCOS yetu na tawi: kinachoingia huku kitoke kule. Hakitoki. Ruta ya tawini hujitambulisha kwa swichi ya makao makuu kwa 802.1X, kanuni ya kuthibitisha kifaa kabla ya kuruhusiwa mtandaoni, na fremu zake za EAPOL zinazobeba utambulisho huo, ziendazo anwani ya 01-80-C2-00-00-03, zinafia ndani ya kisanduku chenu. Nimezitafuta kwa tcpdump, programu ya kunasa data mtandaoni, ncha zote mbili: tawini zinatoka, makao makuu kimya.

Fundi wenu alinijibu mbele ya wanachama waliopanga foleni: "Dada, ping inapita, tatizo liko kwenu." Ping, jaribio la kuona kama ncha moja inaifikia nyingine, ilipita kwa sababu alituamuru tuzime utambulisho kwanza! Ni sawa na fundi kitasa kung'oa mlango, kisha ajisifu kwamba ufunguo haukwami tena.

Najua mtakimbilia kiwango cha IEEE 802.1D, kwamba briji, kifaa kinachounganisha mitandao, haipitishi fremu za anwani hizi za 01-80-C2 zinazoishia 00 mpaka 0F. Kweli, ila sisi hatukununua briji, tulinunua waya. Na kisanduku chenu ni Linux. Nilikiona fundi alipoingia kwenye mipangilio yake: briji iitwayo br0, na group_fwd_mask, namba inayoamua anwani zipi kati ya hizo zipitishwe, ni 0. Andikeni 8, thamani ya biti ya anwani 03, EAPOL ipite. Msisingizie kitanzi cha fremu kuzunguka bila kikomo, kerneli (kiini cha Linux) yenyewe inakataa biti tatu za mwanzo, kwa hiyo STP, itifaki ya kuzuia vitanzi, haiguswi. Haya yote nilishawaandikia kabla fundi hajaja. Mlinijibu, "Zima kifaa, kisha uwashe."

Na huyo fundi! Nilimgeuzia skrini aone fremu zinavyotoka bila majibu. Hakutazama. Aliifunga laptop yangu kwa kiganja chake, wanachama wetu wakishuhudia, akarudia, "Dada, ping inapita," halafu akamwuliza mhasibu kama hapa hakuna mwanaume wa IT. Nilinyamaza kwa heshima ya ofisi tu.

Naomba mrekebishe thamani hiyo wiki hii. Tena sasa nataka na LLDP, itifaki ya vifaa jirani kutambuana, ile ya anwani inayoishia 0E: badala ya 8 andikeni 16392, yaani 8 na 16384 ya LLDP. Ankara ya mwezi huu hatulipi. Fundi huyo asikanyage tena kwetu, na nataka barua ya kuomba radhi yenye saini yako wewe, si ya msaidizi. Mkikaa kimya, malalamiko haya yanakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na faili za tcpdump, na mkataba tutauvunja kwa kifungu kilekile cha laini wazi mlichokiandika wenyewe.

Wenu,
Afisa TEHAMA