Poitier hakuwa mtu wa kuwapendeza wakubwa

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wa ukurasa wenu wa burudani, katika makala yake kuhusu waigizaji wanaojiingiza kwenye siasa, amemgusia marehemu Sidney Poitier, mwigizaji mweusi wa Marekani, kwa sentensi tatu. Kasema alikuwa mwigizaji hodari. Kasema alikuwa mtanashati. Kisha kamalizia kwamba wenzake walipokuwa wakipigania haki, yeye alikuwa kwenye suti akiwapendeza wazungu. Mbili za mwanzo sina ugomvi nazo. Ya tatu haiwezi kupita hivi hivi.

Mimi ni opareta mstaafu wa sinema. Ujana wangu niliumalizia katika kile chumba cha joto nyuma ya ukumbi, nikibadilisha mikanda na kuchungulia kwenye kidirisha. Opareta haangalii picha kama watu wengine. Huitazama mpaka akaijua kila pumzi, kisha anaanza kuwatazama watazamaji. Ndiyo maana nakumbuka vizuri zaidi visogo vya watu kuliko sura za mastelingi.

Picha ya Poitier ya mwaka 1967, ile ya afisa wa upelelezi mweusi aliyekwama kwenye kimji cha Mississippi, jimbo la Kusini mwa Marekani lililosifika kwa ubaguzi, ina kipande ambacho tajiri wa mashamba ya pamba anampiga kofi. Hata sekunde haipiti, Poitier anamrudishia. Ukumbi wetu ulikuwa ukilipuka hapo. Watu walisimama juu ya viti, wakapiga mbinja, wakapaza sauti "Rudisha! Rudisha!" kana kwamba mimi kule nyuma nina uwezo wa kurudisha nyuma mkanda katikati ya onyesho. Mkanda wenyewe ulitufikia umechakaa na kuungwa ungwa palepale kwenye kofi, kwa hiyo nadhani kuna maopareta waliokuwa na moyo mwepesi kuliko wangu.

Poitier mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alishikilia kofi lile lirudishwe, na kwamba lisikatwe popote picha itakapoonyeshwa. Alikataa pia kwenda kupigia picha Mississippi. Watengenezaji wakahamishia kazi Sparta, mji mdogo wa Illinois, jimbo la upande wa kaskazini mwa nchi. Walipolazimika kushuka Tennessee kwa muda mfupi kutafuta shamba halisi la pamba, alilala hotelini na bastola chini ya mto. Mtu anayetaka kuwapendeza wakubwa hana haja ya bastola.

Na Kusini alikuwa ana sababu ya kuiogopa. Hapa ndipo ningemwomba mwandishi wenu asome polepole. Mwezi Aprili 1964 Poitier alipokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, mweusi wa kwanza kuipata. Angeweza kukaa Hollywood akapigwa picha na tuzo yake mpaka mwaka uishe. Agosti ya mwaka uleule rafiki yake Harry Belafonte, mwimbaji na mwigizaji, akampigia simu. Vijana waliokuwa wakiandikisha weusi kupiga kura huko Mississippi walikuwa wameishiwa fedha, na miili ya wenzao watatu, Chaney, Goodman na Schwerner, waliouawa na wabaguzi, ilikuwa imefukuliwa chini ya tuta la udongo la bwawa mwanzoni mwa mwezi huohuo. Belafonte alikuwa amechangisha dola 70,000, taslimu, na alitaka mtu wa kumsindikiza. Hoja yake, kwa jinsi alivyoieleza, ilikuwa kwamba wabaguzi wangesita zaidi kuwaua watu wawili mashuhuri kuliko mmoja.

Wakatua Greenwood, hukohuko Mississippi, usiku kwa ndege ndogo, wakaingia kwenye gari na mkoba wa fedha. Malori madogo yakawaandama. La mbele likawa linaligonga gari lao kwa nyuma, na dereva hakuthubutu kukimbia kupita kiasi, maana alijua polisi wangemkamata kwa mwendo kasi na kumkabidhi kwa haohao wanaomfuata. Waliokolewa na msafara wa magari ya wanaharakati uliotoka mjini kuwapokea. Ukumbini walikuta watu wamejaa, wanaimba. Belafonte akaumwaga mkoba mezani. Usiku ule waigizaji wawili hao walilala kitanda kimoja, nje kuna walinzi. Ikiwa hiyo siyo harakati, basi neno hilo tulifute.

Lakini kwangu mimi safari ya Greenwood si kubwa kama jambo lililotangulia, ambalo halikuwa na hadhara wala nyimbo. Poitier alikuwa bado hajavuma, mkewe anakaribia kujifungua mtoto wa pili, mfukoni hana kitu. Akaletewa kazi ya kuigiza mfagizi ambaye binti yake anauawa na wahuni ili baba afunge mdomo, na baba anafunga mdomo. Hakuna tusi lolote kwenye maandishi ya picha ile. Wakala aliyemletea hakuelewa tatizo liko wapi. Poitier akakataa, kwa sababu baba huyo hakufanya chochote, na yeye alikuwa na baba, Reginald, mkulima wa nyanya wa Cat Island kule Bahama, ambaye asingekaa kimya. Kisha akaenda kuweka samani za nyumbani rehani, akakopa dola 75 za kulipia hospitali. Wakala yule, Martin Baum, alimwita tena baadaye na kumwambia kwamba mtu mwenye kichaa cha namna hiyo anataka kumwakilisha. Wakafanya kazi pamoja miaka na miaka.

Nimewaona waigizaji wengi wa siku hizi wakitoa sura zao kwa kampeni za maji safi, malaria, uchaguzi wa amani. Si vibaya. Ila kutoa sura ni rahisi, hasa ukilipwa. Kukataa kazi huku mwenye nyumba anagonga mlango ni jambo jingine, na kwa bahati mbaya hakuna mpiga picha anayekuwepo.

Nitakubaliana na mwandishi wenu nusu ya njia. Ni kweli Poitier aliwekwa kwenye picha nyingi kama malaika. Daktari asiye na doa, mwalimu asiye na hasira ya zaidi ya dakika mbili, mchumba aliyesoma hadi akapitiliza. Hata ile iliyompa Oscar anawajengea masista wa Kijerumani kanisa, na ujira haupati. Mwaka 1967, mwaka aliotikisa masanduku ya tiketi kwa picha tatu, weusi wenzake huko Marekani walianza kumsema waziwazi kwa hilo, tena kwa ukali kuliko makala yenu. Iliuma, na aliandika kwamba iliuma. Lakini tazama alichofanya. Mwaka 1969 aliungana na Paul Newman na Barbra Streisand kuanzisha kampuni ya filamu ambamo waigizaji wenyewe ndio waamuzi, kisha akakaa nyuma ya kamera. Mwaka 1972 akaongoza picha ya farasi na bunduki ambamo mashujaa ni watumwa walioachwa huru. Alijibu kwa kazi.

Na tusisahau Aprili 1968. Martin Luther King aliuawa tarehe 4, sherehe za Oscar zikawa zimepangwa tarehe 8, mazishi tarehe 9. Poitier na wenzake kadhaa, Louis Armstrong akiwa mmojawao, walisema hawapandi jukwaani kabla King hajazikwa. Sherehe zikasogezwa hadi tarehe 10. Usiku huo picha ya kofi ikatajwa kuwa filamu bora ya mwaka, na mwenzake mzungu, Rod Steiger, akachukua tuzo ya mwigizaji bora. Poitier hakuwa hata kwenye orodha ya walioteuliwa. Mimi hilo bado sijalisamehe, ingawa yeye mwenyewe, inaonekana, alilisamehe.

Kilichonishangaza zaidi ni gazeti la Kiswahili kuandika habari zake bila kutaja Afrika. Mtu huyu aliingia Afrika Kusini mwaka 1950 kuigiza, na ili aruhusiwe kukaa, mwongozaji wake alilazimika kumwandikisha kama kibarua wake wa mkataba. Alikuja Kenya wakati wa hali ya hatari kuigiza kijana wa Kikuyu anayejiunga na Mau Mau, picha iliyotoka 1957. Akarudi Kenya miaka ya sabini kwa picha kuhusu makaburu, kwa kuwa makaburu wenyewe wasingeiruhusu kwao. Mwaka 1997 akamwigiza Mandela.

Na mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akihangaika kutafuta nauli ya kuwapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani, barua ya kuomba michango iliwekwa sahihi na watu watatu: mchezaji besiboli Jackie Robinson, Belafonte na Poitier. Watu wakatuma walichonacho. Septemba ya mwaka huo ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata alikuwemo Wangari Maathai. Hadi mpango unafungwa walikuwa wamekaribia 800: walimu, madaktari, mawaziri, wahandisi.

Mhariri, baadhi ya wasafiri wa safari zile bado wako hai, wamezeeka kama mimi au zaidi. Mtumeni mwandishi wenu akawatafute awaulize nauli yao ilitoka wapi. Na mkiichapa habari hiyo, naomba picha iwe ya Poitier kweli. Ile mliyotumia safari hii ni ya Belafonte.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Opareta mstaafu