Newala na Mto Ruvuma: someni mpaka mwisho

Habari za jioni, ndugu zangu. Safari yetu ni Ijumaa ijayo, saa 11 alfajiri, stendi ya Mtwara. Kosta tumeshapata, tunapitia Nanyamba na Tandahimba. Saa 11 ni saa 11, siyo "nipo njiani" huku unapiga mswaki.

Usiku wa kwanza tunalala Newala, karibu na Shimo la Mungu, lile bonde kubwa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Mliozoea joto la pwani, msije na kanga moja. Mwezi huu wa 7 kule juu kuna baridi, na upepo unapanda kutoka bondeni. Mwaka jana sikubeba sweta, nikalala nimejiviringisha mkeka kama sambusa. Mnaocheka mjue nawakumbuka.

Maji kila mtu abebe lita 10. Ardhi ya uwanda wa Makonde ni mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama chini, ndiyo maana huko maji ni shida tangu enzi za mababu.

Jumamosi tunateremka Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, kwa hiyo kitambulisho lazima. Tena naomba tusibishane: hakuna kuogelea. Mle mna mamba na viboko. Tutachota kwa ndoo yenye kamba na kuoga mbali na maji. Ukiona nyasi zimelala, kama kuna kitu kizito kilichoburutwa kuelekea mtoni, hiyo ni njia ya kiboko, usitundike hema hapo.

Ofisi ya kijiji nimeshaitaarifu. Bado sufuria kubwa na tochi mbili. Nani anazo?