Barua kwa mwanangu anayekwenda hospitali ya misheni

Mwanangu,

Habari za kupangiwa Vihiga, magharibi mwa Kenya, zimefika, na mama yako ameshaanza kuulizia mablanketi. Hayo namwachia yeye. Mimi nakuandikia kuhusu kazi.

Unaingia mahali penye mazoea ya zamani. Wamisionari Wakwekeri walifika Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakafungua Maseno miaka michache baadaye, na mpangilio wa siku katika hospitali hizi ni ule ule: ibada, kupokezana zamu, raundi, kliniki, upasuaji, kisha usiku. Aliyebadilika ni daktari. Zamani alitoka ng'ambo, leo ni mtoto wa Kisumu, na watu watataka uwaombee na uwatibu pia. Ibadani uende. Ila pitia wodi ya watoto kabla ya ibada, maana saa hiyo wauguzi wa usiku wamechoka na wa mchana bado wako njiani. Na raundi usiianzie kitanda namba moja eti kwa sababu ndicho kilicho karibu na mlango. Anza na walio kwenye oksijeni, wanaoongezewa damu na waliolazwa usiku. Anayesubiri kuruhusiwa aende nyumbani anaweza kungoja saa mbili zaidi, hata akinung'unika.

Mvua za masika zikipungua, kuanzia Mei hadi Julai, malaria itakujazia wodi mpaka watoto walale wawili wawili. Mfikirie mtoto wa kilo 12 anayeletwa na bodaboda akiwa na degedege. Mlaze ubavu, safisha mdomo, mpe oksijeni, kisha mtoboe kidole upime sukari kabla hujafikiria jambo lingine. Ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, au kama mashine ya kupimia imeisha vijiti (navyo huisha), mpe dekstrosi (maji ya sukari ya mshipani) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Kwake ni mililita 60. Stoo utakuta ya asilimia 50 tu, basi chukua mililita 12 za hiyo uchanganye na 48 za maji ya sindano. Usiipitishe mshipani bila kuizimua, itauunguza mshipa. Pima tena baada ya nusu saa. Mshipa ukikataa, sukari ya mezani kijiko kimoja cha chai, iliyoloweshwa kidogo na kuwekwa chini ya ulimi, inafaa wakati mwenzako anatafuta mshipa. Degedege likipita dakika 5, diazepamu, dawa ya kulituliza, kwa njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo, yaani 6 kwa huyu. Dozi mbili zikishindwa usiongeze ya tatu. Hamia fenobabitoni, na mpira wa kumpulizia hewa uwe mkononi, kwa sababu dawa hizi huzima pumzi.

Artesuneti, sindano ya malaria kali, ndiyo hukosewa kuliko zote, na kosa liko kwenye kuchanganya. Kichupa cha miligramu 60 kinaanza na mililita 1 ya bikaboneti iliyokuja nacho kwenye boksi. Tikisa mpaka kiwe angavu kabisa. Hapo ndipo unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi, upate miligramu 10 katika kila mililita. Anayetanguliza maji ya chumvi atabaki na unga unaoelea. Dawa yenye ukungu itupwe, na iliyokwisha kuchanganywa itumike ndani ya saa moja, isiwekwe kwenye friji ya wodi kwa ajili ya jioni. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo wetu ni 36, yaani mililita 3.6. Anapigwa sindano anapofika, saa 12 baadaye, na saa 24 baada ya ile ya kwanza. Ya pili ndiyo hupotea, kwa kuwa huangukia kwenye mabadiliko ya zamu. Andika saa yenyewe kwenye chati. Ukiandika "mara mbili kwa siku" umewaachia wengine wakisie. Akishapata hizo tatu na akaweza kumeza, anamalizia vidonge vya malaria vya siku tatu. Mama ajue vinafanya kazi vizuri zaidi vikimezwa na maziwa au chakula chenye mafuta, na umwombe akurudishie maelezo kwa Kiluhya chake, muuguzi akisikiliza. Kutikisa kichwa si jibu. Kisha mpe tarehe ya kurudi kupimwa damu, kwani wapo wanaoishiwa damu wiki moja hadi tatu baada ya artesuneti huku malaria yenyewe imeshakwisha.

Nikiwa kwenye damu hapo hapo: hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 4 kwa desilita, ongeza bila mjadala. Kati ya 4 na 6, ongeza kama anahema kwa taabu au hajitambui. Damu nzima ni mililita 20 kwa kilo, iishe ndani ya saa 4, na dakika 15 za mwanzo mtu akae hapo kitandani. Tatizo ni kuipata. Vituo vya damu vya kanda vilivyo karibu nawe viko Kisumu na Eldoret, na wachangiaji wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Aprili na Agosti, friji hubaki tupu. Chupa moja hukaa hadi siku 35, kwa hiyo agizo lako liende wiki ya mwisho ya muhula. Ukingoja likizo ianze, utakuwa unaomba pamoja na kila hospitali ya magharibi. Jambo jingine, usimwagie mtoto mwenye homa kali dripu ya kasi ati amepoa mikono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa. Aliyekaushwa na kuhara ni habari nyingine, huyo maji ni haki yake.

Sasa oksijeni, ambayo vijana wengi huiona kuwa kazi ya fundi. Mashine ya oksijeni huvuta hewa ya chumbani na kuchuja naitrojeni. Wauguzi huisukuma mpaka ukutani ili waya ufike kwenye soketi, inakosa hewa, inapata joto, na oksijeni inayotoka inapungua nguvu huku mapovu kwenye kichupa cha maji yakiendelea kucheka. Mapovu si ushahidi. Ushahidi ni kipimo cha oksijeni cha kidoleni: mtoto akibaki chini ya asilimia 90 licha ya mrija wa pua, kagua mashine kabla hujamlaumu mtoto. Iwe sentimita 30 kutoka ukutani. Sponji ya nyuma ioshwe kwa sabuni kila wiki na ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kifuniko cha kichupa kikikaa upande, oksijeni huvuja hapo hapo, nawe utaligundua hilo ukichovya ncha za mrija kwenye kikombe cha maji usione kitu. Mchana wa huko ni wa radi, umeme hukatika bila kuaga na hurudi kwa kishindo kinachounguza mashine, hivyo dai stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme. Kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka kuna mtungi wa oksijeni. Spana yake ifungwe kwa kamba kwenye shingo ya mtungi wenyewe. Mtungi uliojaa usio na spana ni chuma tu.

Wodi ya wazazi nitakuwa mfupi, wakunga wa huko watakufundisha, nawe kubali kufundishwa. Angalia mawili. Magnesiamu kwa kifafa cha mimba huja ya asilimia 50. Gramu 4 za mshipani ni mililita 8 za hiyo pamoja na 12 za maji, taratibu, kisha gramu 5 katika kila tako. Kabla ya dozi inayofuata, goti liruke likigongwa, pumzi ziwe 16 au zaidi kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, iwe juu ya trei hiyo hiyo. La pili, oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba baada ya kujifungua, ni ya friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda dirishani, mama atavuja damu mbele ya macho yako ukidhani umeshamtibu. Na damu usiikadirie kwa macho, macho hupunguza. Tumia ile karatasi ya plastiki yenye alama za vipimo.

Kuhusu pesa hutaniamini mpaka uyaone. Hospitali za misheni hulipa mishahara kwa ada za wagonjwa, na tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, familia nyingi hufika zikiwa zimejiandikisha lakini hazijalipa mchango. Anza matibabu, mtume mjomba ofisini na kitambulisho. Kikao cha dawa usikikwepe hata kama kinachosha, maana oda ya MEDS, shirika la makanisa linalosambaza dawa, hutengenezwa hapo, na asiyehesabu artesuneti mwezi wa nne atazitafuta mwezi wa sita.

Beba tochi ya kichwani, kipimo chako mwenyewe cha kidoleni, gambuti na saa yenye mshale wa sekunde. Betri nunua Kisumu. Na ukifika, kabla hujafungua sanduku, mwombe sista wa zamu akuonyeshe ufunguo wa friji ya damu uko kwa nani usiku.

Baba yako