Mapadri wafundishe kipimo cha vita, wasiishie kuombea

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kazini hadi sasa nimestaafu, na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya viongozi wa dini waliokutana hapa Dar kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, mliyoiwekea picha ya watu wameshikana mikono, ilimtaja mzungumzaji aliyesema kazi yao ni kuombea amani, mambo ya vita wawaachie wenye dola. Mwandishi wenu akaandika, akafunga daftari.

Mimi ni Mkatoliki, nasemea kwetu. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa letu, namba 2309 inataka kwamba, ili kujilinda kwa silaha kuwe halali, madhara ya mvamizi yawe ya kudumu, mazito na ya hakika. Njia nyingine zote ziwe zimeshindikana. Pawe na matumaini ya kweli ya kufanikiwa. Na silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale yanayoondolewa. Ni kweli, namba hiyohiyo inasema wa kupima ni wenye dhamana ya nchi. Watapimaje kwa kipimo ambacho hawajafundishwa? Mwaka 2003 Papa Yohane Paulo II hakuishia kwenye rozari, alimtuma Kardinali Pio Laghi mpaka Ikulu ya Marekani kumsihi Bush asiivamie Iraki. Bush hakusikia, lakini hawezi kusema hakuambiwa.

Hapa kwetu, Novemba 1978, Mwalimu alisema sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Watoto wa shule wanayaghani maneno hayo hadi leo. Sababu na nia ni vipimo vya Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 13; uwezo ndiyo hayo matumaini ya kufanikiwa. Padri gani amewahi kutuonyesha hilo mimbarini?

Kaka yangu, marehemu sasa, alikwenda vita ile. Aliporudi alishangiliwa, akapewa pombe, akabebwa juujuu. Lakini alirudi na jambo la Mutukula, mji wa upande wa Uganda ambao vijana wetu waliubomoa kulipiza yale ya Kagera, na raia wakafa. Hakulisema kwetu. Alimpelekea padri mmoja, simtaji, akamuuliza kama vita ikiwa ya haki basi kila kinachofanyika ndani yake ni haki. Padri alimwambia asijisumbue, alikuwa anatii amri, asali Salamu Maria aende kwa amani. Mhariri, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulikwisha kusema tangu 1965 kwamba vita vikianza haimaanishi kila kitu ni halali kati ya wanaopigana, na kwamba kutii amri kipofu si udhuru! Jibu lilikuwapo, limechapwa, liko kwenye kabati la parokia, na kaka yangu akanyimwa. Hadi anakufa alikuwa akilala taa inawaka. Halafu leo naambiwa kiongozi wa dini aombe tu!

Na msiniambie muda hautoshi. Misa ya pili parokiani kwetu mahubiri hayafiki robo saa, lakini matangazo! Bahasha za mavuno, zege la ukumbi, fulana za jubilei, jumuiya ipi imeshika mkia kwa michango, majina yanasomwa kwa kipaza sauti mpaka Mbingu zinajua nani anadaiwa. Tunaijua bei ya mfuko wa saruji kuliko amri ya tano, Usiue.

Ninachopendekeza ni hiki: Jumapili moja kila robo mwaka, kabla ya sadaka ya pili, isomwe namba 2309 na ile ya 2312, yenye maneno hayo ya Mtaguso kwamba vitani si kila kitu ni halali, polepole, na padri ajibu maswali matatu kutoka kwa waumini, la kwanza aulize mwanajeshi au mama wa mwanajeshi. Dakika zikatwe kwenye tangazo la zege. Ukumbi wenyewe una miaka haujaezekwa, hautaumia kusubiri wiki moja.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ukonga, Dar es Salaam