Barua kwa Mwanangu: Lile Jiwe la Sippar

Mwanangu mpenzi,

Nimefika salama. Koti lako nimelitundika nyuma ya mlango; hapa Tanga halina kazi.

Siku ile uliponiacha British Museum, jumba la makumbusho la huko London, ukaenda kazini, jioni ukaniuliza nimeona nini. Nikakujibu, "Vitu vingi." Si kweli, mama. Muda mwingi nilisimama mbele ya kibao kimoja cha jiwe, urefu wake hata sentimita 30 hazifiki.

Kilifukuliwa mwaka 1881 na Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, kwenye magofu ya Sippar, kule Iraki. Juu amechongwa Shamash, mungu wa jua na haki wa Wababeli, ameketi. Mbele yake kuna duara kubwa la jua, na mfalme analetwa kashikwa mkono na kuhani, kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Chini yamejaa maandishi ya kikabari, yale ya kale yenye alama kama kabari.

Kisa chenyewe ni hiki. Maadui walioitwa Wasuti walivunja hekalu, sanamu ya Shamash ikapotea. Mfalme mmoja akataka kuichonga upya, akashindwa: hakupatikana wa kumwonyesha ilivyokuwa. Akaweka duara la jua badala yake. Pakapita zaidi ya miaka 100. Ndipo, katika karne ya 9 KK, zama za mfalme Nabu-apla-iddina, ng'ambo ya mto Frati ikapatikana sanamu ya udongo yenye sura ile ile. Mfalme akaamuru itengenezwe nyingine kwa dhahabu na mawe ya buluu.

Hapo nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama. Maana maandishi yanaendelea: fungu la kuhani katika nyama ya sadaka, nguo za hekalu, mashahidi, tarehe, na laana kwa mfalme atakayetengua. Nimekaa mabaraza ya ardhi miaka mingi. Kitu kikiokotwa siku ile ile kinapohitajika, mimi hukitazama mara mbili.

Lakini kilichonigandisha pale ni sanduku la udongo. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mfalme Nabopolassar, baba yake Nebukadneza, alikifunika kibao kwa udongo ulioshika chapa ya ile picha, akavitia vyote sandukuni. Alijua sura ilishawahi kupotea.

Bibi yako alikuwa na picha moja tu. Mchwa waliila, fremu na yote, nawe hujazaliwa. Siku hizi nikimkumbuka naona mikono yake na ncha ya kanga, uso haunijii.

Shangazi yako anasema sura yake umeichukua wewe, hasa ukinuna. Ushahidi wa kuokoteza huo, najua, ila sina mwingine. Basi nitumie picha yako, mama. Usitabasamu.

Baba yako