Ndege si matatu, msiipige rangi juu kwa juu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku. Kila nikifungua simu siku hizi naona picha za ndege ndogo kuukuu zinauzwa, zimepigwa rangi zinametameta kama matatu mpya ya Rongai, na watu wanasifu tu, imeiva hiyo! Mimi nimekuwa fundi hapo uwanja wa ndege wa Wilson miaka mingi na nawaambia rangi ndio kitu cha mwisho kuangalia.

Sasa hivi tuko na Cessna 172 ya 1958, zile za kwanza kwanza za mkia uliosimama wima. Mwenyewe alidhani ni kazi ya wiki mbili. Tukaanza kubandua rangi kwa dawa (madirisha unayafunika kwanza manake dawa ikigusa ile plastiki imeisha), safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka tukafika kwa herufi za usajili VP-K za enzi za mkoloni kabla tupate 5Y, vijana wote wakaja kupiga selfi. Lakini chini ya bawa tukakuta unga mweupe, na hiyo ndio kutu ya aluminiamu, haiwi nyekundu kama ya chuma. Ndege ilikaa Pwani miaka, chumvi inakula polepole na kila anayeinunua anapiga rangi juu kwa juu. Bati mbili imebidi zitolewe na ribiti zake zote.

Na uzito je? 172 ya mwaka huo haifai kupaa ikizidi kama kilo 998, na hapo umeshahesabu watu, mafuta na mizigo, halafu wewe unaiongezea koti nne za rangi. Mbaya zaidi ni zile sehemu zinazochezacheza kwa bawa na mkia, zikiongezwa uzito na zisipimwe balansi upya zinaweza kuanza kutetemeka ndege ikishika kasi hadi zing'oke. Fundi wa rangi za magari hajui hayo, anakuja na brashi ya waya wa chuma, anachuna ile ngozi nyembamba ya aluminiamu safi inayokinga bati. Mwingine anakata selotepu ya kufunika sehemu zisizopigwa rangi kwa wembe hapo hapo juu ya bati, na huo mkwaruzo ndio mwanzo wa ufa.

Selotepu yenyewe wacha tu. 1996 Boeing 757 ya Aeroperú ilioshwa Lima, tepu ikasahauliwa kwa vitundu vya hewa vya kupimia urefu na mwendo, ikaanguka baharini, watu 70 wakafa wote. Sisi tunatumia tepu ya rangi kali na tunaihesabu.

Kwa hivyo ukiona picha inang'aa itisha logibuku (daftari la matengenezo ya ndege), uliza ilipimwa uzito lini baada ya hiyo rangi, fungua vifuniko vya chini uchungulie na tochi. Yetu bado iko aluminiamu tupu hangani, na mwenyewe anapiga simu kila jioni kuuliza kama rangi imeanza. Bado.

Fundi wa ndege,
Lang'ata, Nairobi