Nishani niliiuza mimi

Mwana wa ami,

Salaam aleikum. Simu hupokei, ujumbe wasoma na hujibu, basi nakuandikia hapa mbele za watu. Wengine mtuwie radhi, hii ni habari ya nyumbani.

Nimesoma uliyoyaandika juma lililopita, kwamba baba yake babu alikuwa kibaraka wa Mzungu. "Aliuza maji, kisha akauza nchi." Ulimi wako mtamu tangu tulipokuwa chuoni, hilo silikatai. Lakini nchi ipi aliyoiuza? Mwaka 1914 alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, mwenye mzegazega begani na madebe mawili ya maji, akizunguka Mji wa Kale wa Mombasa mlango kwa mlango. Bibi alituambia, wewe ukiwepo, kwamba hata mkeka aliolalia haukuwa wake.

Vita vilipoingia Agosti ile, Mjerumani alikuwa hapo Tanga tu, na Waingereza huku pwani hawakuwa na askari wa kutosha. Ndipo Wavell akaanza kukusanya watu. Wamjua Wavell, jiwe lake la kumbukumbu liko Ngomeni, pale Fort Jesus, tulikuwa tukipumzika karibu nalo tukila mihogo tukitoka skuli. Mzungu mwenye shamba la mkonge, ajuaye Kiswahili na Kiarabu, aliyekwenda Makka mwaka 1908 kwa jina la Ali bin Mohamed, akijifanya Mzanzibari, akifuatana na Masaudi, Mswahili wa hapahapa Mombasa. Mtu kama huyo hakwenda kuomba askari kwenye mabaraza ya wakubwa. Alikwenda kwa wachota maji. Kikosi kikaitwa Arab Rifles, na baba yake babu akawamo.

Novemba Sultani wa Uturuki naye akawa upande wa Mjerumani na kutangaza jihadi. Hebu waza: Mwislamu yuko chini ya Mkristo aliyetufu Al-Kaaba kwa jina la kuazima, na khalifa wa Waislamu yuko upande wa pili wa bunduki. Bibi alisema mkwewe akiulizwa hilo alijibu neno moja, "Njaa," kisha akaagiza kahawa. Wewe umeshiba, umekaa kwenye kiyoyozi huko Sharjah, wamhukumu.

Na kuna Mwele, bara kusini mwa Mombasa. Hukuitaja kabisa, nami nashangaa, maana ndiyo ingekusaidia hoja yako. Kule Mwele, mwaka 1895, ndiko Admeri Rawson wa Uingereza alikoivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, hata Mbaruk mwenyewe akaishia kukimbilia kwa Wajerumani. Miaka ishirini baadaye Waarabu wa Mombasa wakawa huko huko Mwele, safari hii wakimlindia Mwingereza. Tarehe 9 Januari 1916 Wavell akauawa, na watu wake kadhaa pamoja naye. Kikosi nacho hakikuishi sana baada ya hapo. Baba yake babu alirudi. Unakumbuka tulivyolisoma jiwe lile mara mbili kutafuta jina lake, tukakasirika? Tulikuwa wajinga, tukimtafuta mtu aliyekufa kitandani kwake kwenye jiwe la waliokufa vitani.

Sasa nije kwenye hitma ya bibi, maana ndilo lililonileta.

Ubani ulikuwa haujazimika. Sinia za pilau zilikuwa bado mkekani. Ukanishika mkono ukanivuta kwenye ukumbi wa uani, nami nikadhani wataka kulia mahali pa faragha, nikajiandaa kukukumbatia. Ukauliza, "Lile kopo la biskuti liko wapi?" Ukalitoa mwenyewe chini ya kitanda chake. Ukakuta karatasi na utepe wa nishani ya vita ya baba yake babu, nishani yenyewe haimo; utepe ule wa rangi ya chungwa katikati, na nyeupe, nyeusi na buluu pembeni. Ukatoka nao mbele ya wazee, ukauinua juu kama mtu auzaye kitambaa: "Mwizi yumo humu ndani." Ami akainamisha kichwa. Nami nilinyamaza.

Ukimwita kibaraka, nishani yake waitakia nini?

Haya. Niliiuza mimi. Bibi alilazwa usiku, hospitali wakataka pesa kwanza. Nilikupigia mara tatu. Asubuhi nikaenda kwa sonara. Aligeuza upande wa kichwa cha Mfalme George, akageuza ule wa mpanda farasi aliye uchi, yule tuliyekuwa tukimcheka, akikanyaga ngao yenye tai. Akaweka kioo jichoni, akasoma jina ubavuni herufi kwa herufi, akalitamka visivyo, kisha akaiweka kwenye mizani. Fedha safi, akasema. Mkononi ilikuwa nzito kama funguo za nyumba. Zile pesa zilimpa bibi siku mbili za dripu na kitanda karibu na dirisha. Siku ya tatu unaijua.

Utasema ningemwomba ami. Ami alikuwa nazo, najua. Sikumwomba kwa sababu nilishamwomba mwezi wa Shaaban, na sikutaka anitazame tena vile. Ndiyo hivyo. Lakini kati ya mtu aliyekuwepo na asiyekuwepo, nani wa kuulizwa? Nakushauri, kabla hujaandika habari za wafu, pokea kwanza simu za walio hai. Mimi simu zangu napokea. Mimi ndiye niliyemgeuza bibi ubavu usiku, ndiye niliyemsikia akimwita mkwewe kwa jina akidhani yuko mlangoni na madebe.

Alikuita wewe pia. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeshika ule utepe.

Ninao hadi leo, ndani ya kopo lile lile. Ukija Ramadhani usibishe mlango wa mbele, komeo lake limeshika kutu. Pitia uani.